Usikate tamaa kwa sababu ya sahani moja ya chipsi

Mwisho wa mwezi unapowadia, mikahawa na vibanda vya chipsi mijini hufurika watu. Kutoka River Road jijini Nairobi hadi Mwembe Tayari, Mombasa, harufu ya mafuta moto humlaki mpita njia kabla hata hajaona kilichomo karaini. Katika foleni hizo hawakosi watu ambao wiki mbili au tatu tu zilizopita waliapa kwamba hawatagusa tena chipsi, soseji wala soda, ama kwa sababu daktari amewashauri wapunguze uzani, ama kwa sababu nguo zimeanza kuwabana.

Nia ya makala haya si kuwakemea watu hao. Wamekemewa vya kutosha na madaktari, na jamaa zao, na zaidi ya yote na nafsi zao wenyewe. Maoni yangu ni kwamba ile sahani ya chipsi siyo inayowaangusha wengi wanaojitahidi kupunguza uzani. Kinachowaangusha ni yale wanayoyafanya baada ya kuila. Mmoja husema, "Basi, nimeshaharibu," akaendelea kula ovyo hadi Jumatatu. Mwingine hujinyima chakula kutwa nzima kesho yake kana kwamba analipa deni. Wa tatu hukata kauli kwamba yeye hawezi, na juhudi zote za miezi kadhaa zikaishia hapo.

Huyo wa tatu ndiye anayesikitisha zaidi, kwa kuwa anachokiacha kina thamani kubwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014, wanawake 33 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya walipatikana wakiwa na uzani uliopita kiasi au wanene mno, na hali ilikuwa mbaya zaidi mijini kuliko mashambani. Unene wa aina hiyo huandamana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na ule ugonjwa wa kisukari unaowapata watu wazima. Kila familia mjini ina mtu anayemeza tembe za mojawapo ya maradhi hayo, ama inamjua jirani anayemeza.

Hata hivyo, si lazima mtu awe mwembamba kama ufito ndipo afaidike. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari. Baadhi yao walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzani wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki. Katika muda wa miaka mitatu hivi, idadi ya waliopata kisukari katika kundi hilo ilikuwa chini kwa asilimia 58 ikilinganishwa na kundi lililopewa tembe zisizo na dawa. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 ni kilo tano na nusu hivi. Hizo ni kilo ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzipunguza, mradi asiache njiani.

Hesabu ya sahani moja

Hebu tufanye hesabu. Sahani ya kawaida ya chipsi, yenye gramu 250 hivi, ina takriban kalori 750. Robo ya kuku wa kukaangwa huongeza kalori 350 hadi 400, na soda ya mililita 300 nyingine 125 hivi, ambazo zote zatokana na sukari ya kama vijiko vinane vya chai. Jumla yake ni kama kalori 1,250. Mlo wa ugali wa kiasi, sukuma wiki na mchuzi wa nyama una kalori kama 700. Kwa hivyo aliyekula chipsi, kuku na soda amezidisha kalori 550 hivi kupita mlo wake wa kila siku.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kalori 7,700. Maana yake ni kwamba ingembidi mtu azidishe kwa kiasi hicho mara 14 ndipo aongeze kilo moja ya mafuta. Sahani moja haiwezi kamwe kuharibu kazi ya miezi mitatu.

Sasa tumtazame yule aliyesema, "Nimeshaharibu." Ijumaa amekula chipsi. Jumamosi, kwa kuwa tayari wiki anaiona imeharibika, anakunywa chai na mandazi manne, mchana anakwenda kula nyama choma na bia, na jioni anaagiza kuku kwa simu aletewe na bodaboda. Jumapili ni vivyo hivyo. Akizidisha kalori 1,500 katika kila mojawapo ya siku hizo mbili, jumla ya wikendi ni 3,550. Hiyo ni zaidi ya mara sita ya kosa la kwanza. Chipsi za Ijumaa zilimgharimu kidogo, lakini ile kauli ya kukata tamaa imemgharimu karibu nusu kilo.

Mizani ya kesho yake

Jambo lingine linalowavunja watu moyo ni mizani. Mtu hula chipsi jioni, asubuhi akapanda kwenye mizani na kukuta ameongeza kilo moja au zaidi. Huona kwamba yale yote aliyoyapunguza kwa jasho yamerudi kwa usiku mmoja, akasema hakuna haja ya kujisumbua.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kilo hiyo ni maji na chakula ambacho bado kimo tumboni. Chipsi na kuku wa mikahawani hutiwa chumvi nyingi, na chumvi huufanya mwili uzuie maji. Fauka ya hayo, mwili huweka akiba ya wanga katika misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo huandamana na gramu 3 hivi za maji. Mtu akirudia milo yake ya kawaida, maji hayo hutoka yenyewe baada ya siku chache. Kwa sababu iyo hiyo, asifurahi kupita kiasi yule ambaye mizani imemwambia amepunguza kilo 3 katika wiki ya kwanza ya kubadilisha chakula, kwani nyingi kati ya hizo pia ni maji.

Ushauri wangu ni kwamba usijipime siku inayofuata karamu. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya kunywa chai, na uyaandike matokeo katika daftari. Kinachofaa kutazamwa ni mwendo wa mwezi mzima.

"Potelea mbali"

Tabia hii ya kuharibu zaidi baada ya kuharibu kidogo si udhaifu wa Wakenya peke yao. Mwaka 1975 wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa kike wa chuo kikuu huko Marekani. Baadhi ya wanafunzi hao walipewa milkisheki moja au mbili na wengine hawakupewa kitu, kisha wote wakawekewa aiskrimu na kuambiwa waionje wapendavyo. Wale ambao hawakuwa na mazoea ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo baada ya milkisheki, kama ambavyo ungetarajia kwa mtu aliyekwisha shiba. Lakini wale waliokuwa wakijinyima chakula siku zote walifanya kinyume, kwani waliokunywa milkisheki ndio waliokula aiskrimu zaidi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mtu aliyejiwekea sheria kwamba hatagusa kitu kitamu huiona siku yake kuwa safi au chafu, bila ya kitu katikati. Akishaigusa milkisheki, siku imechafuka, na haoni tena sababu ya kujizuia. Baadaye Herman na mwenzake Janet Polivy waliipa hali hiyo jina ambalo kwa Kiswahili tungeliita "potelea mbali".

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotoa ushauri wa kupiga marufuku. Mtu huenda kliniki akapewa karatasi yenye orodha ndefu ya vitu asivyopaswa kula maisha yake yote: chipsi, maandazi, sambusa, soseji, chapati, keki, soda. Karatasi hiyo hubandikwa ukutani jikoni, na baada ya wiki tatu mwenyewe hupita akiangalia upande mwingine. Anayedhani kwamba watu wa mijini wataacha chipsi kwa kuambiwa tu, akumbuke Januari 2022, wakati mikahawa ya KFC hapa nchini ilipoishiwa na chipsi kwa kuwa viazi vilivyoagizwa kutoka ng'ambo vilichelewa. Jambo hilo lilizua mjadala mkali kote nchini, huku wakulima wa viazi wakiuliza kwa nini viazi vyao havinunuliwi. Chakula kinachopendwa kiasi hicho hakiwezi kuondolewa kwa kipande cha karatasi.

Isitoshe, chakula chetu ni ujamaa. Mwenzako ofisini akipandishwa cheo atawanunulia wote kuku na chipsi. Shangazi akija kutoka mashambani utamtembeza mjini na kumpeleka mahali pa kula. Watoto wakifunga shule watadai ahadi yao. Mtu anayekaa kando na chupa yake ya maji siku zote ataonekana ana maringo, au ni mgonjwa. Mpango wa kupunguza uzani usioacha nafasi ya mambo haya haukutungwa kwa ajili ya mtu anayeishi na watu.

Kujiadhibu hakufai

Sasa nije kwa yule anayelipa deni kwa njaa. Jana alikula chipsi, leo hatatia kitu kinywani mpaka usiku. Kwa mtazamo wa haraka, jambo hilo laonekana kuwa la busara, maana kilichozidi jana kitapunguzwa leo. Lakini mwili hauendi kwa hesabu hiyo. Kufikia saa kumi na mbili jioni amekwama ndani ya matatu kwenye msongamano wa magari, tumbo linanguruma, na akishuka steji anakutana na mwenye toroli ya smokie na mayai, na nyuma yake kibanda cha chipsi. Mwenye njaa ya kutwa nzima hawezi kuulizwa habari za kiasi.

Nguvu ya njaa ilidhihirika wazi katika utafiti uliofanywa na Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mnamo 1944 na 1945. Wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzani wao. Katika muda huo walikuwa wakiwaza na kuzungumza habari za chakula tu. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula kwa wingi wa kushangaza na bado wakasema hawajashiba. Ni kweli kwamba kukosa mlo mmoja si sawa na miezi sita ya njaa, lakini funzo ni kwamba anayejitesa kwa njaa hujiandalia mwenyewe karamu inayofuata.

Kuna hatari kubwa zaidi pia. Wagonjwa wa kisukari wanaodungwa insulini au wanaotumia tembe kama glibenclamide wasithubutu kuruka milo bila ya kumwuliza daktari, kwa sababu sukari yaweza kushuka ghafla, mtu akatetemeka, akachanganyikiwa na hata kuzirai. Nao wale wanaojitapisha baada ya kula, au wanaomeza dawa za kuharisha, wajue kwamba wanacheza na maisha yao. Asidi ya tumboni huozesha meno, na kupotea kwa madini ya potasiamu kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Dawa za kuharisha nazo hazipunguzi mafuta, kwani hufanya kazi katika utumbo mkubwa wakati chakula karibu chote kimeshafyonzwa. Anayejikuta katika tabia hiyo mara kwa mara anahitaji kumwona daktari au mshauri, na asione haya, kwani huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine.

La kufanya

Ikiwa umeshakula, la kufanya ni moja tu, nalo ni kurudi kwenye mlo wako wa kawaida katika mlo unaofuata. Usingoje Jumatatu wala mwezi mpya. Kama chipsi zilikuwa za mchana, basi usiku kula ugali wako wa kiasi, mboga nyingi na maharagwe au ndengu, kama ambavyo ungekula siku nyingine yoyote. Kunywa maji. Ukiweza, shuka kwenye matatu steji moja kabla ya yako ukamalizie safari kwa miguu, si kwa kujiadhibu, bali kwa kuwa kutembea ni kuzuri siku zote.

Pili, jiulize ilikuwaje. Aghalabu si uroho. Yamkini ulikosa chakula cha mchana, ukafika jioni ukiwa umelegea. Yamkini mkubwa wako kazini alikufokea, au mlikosana nyumbani. Yamkini ilikuwa mshahara umeingia na mfuko una joto. Andika sababu hiyo katika lile daftari la uzani. Ukiandika mara nne au tano utaona kwamba ni sababu moja au mbili zinazojirudia, na hizo ndizo za kutafutiwa dawa. Anayeponzwa na njaa ya jioni abebe ndizi au njugu mkononi. Anayeponzwa na mshahara anunue kwanza vyakula vya nyumbani kabla ya kupita mjini.

Tatu, ukijua kwamba leo mtakula nje, usiende na njaa kali. Agiza sahani ndogo au mgawane wawili. Achana na soda na unywe maji, kwa kuwa hapo utapunguza kalori 125 bila hata kuhisi. Omba kachumbari ya kutosha. Kuku wa kuchoma aliyeondolewa ngozi ni bora kuliko wa kukaangwa, na vipande vya viazi vilivyokatwa vinene hunyonya mafuta kidogo kuliko vile vyembamba. Keti ule polepole huku mkizungumza, wala usile ukitembea. Na kile utakachokila, kile kwa furaha. Chipsi zinazoliwa kwa kujificha na kwa majuto hazina ladha, na kalori zake ni zile zile.

Je, huku si kuwapa watu ruhusa?

Najua kuna watakaosema kwamba maneno haya yatawapa watu kisingizio. Ni hoja ya haki, na jibu lake limo katika hesabu ile ile. Nimesema kalori 550 haziwezi kukunenepesha. Lakini zikizidishwa kila wiki kwa wiki 52, zafika 28,600, ambazo kwa hesabu ya karatasi ni zaidi ya kilo 3 za mafuta kwa mwaka. Kwa hivyo anayekula chipsi kila Ijumaa, na Jumanne pia kwa kuwa mvua ilinyesha, huyo hajateleza. Huo ndio mlo wake, na hana budi kuukubali kwa jina hilo ili aweze kuubadilisha. Lile daftari litamwambia ukweli, maana mara moja au mbili kwa mwezi ni jambo tofauti na mara tatu kwa wiki.

Wala sipendekezi desturi iliyozuka ya kutenga siku moja ya kula bila kipimo baada ya siku sita za kujinyima. Hiyo ni "potelea mbali" iliyopangiwa ratiba. Afadhali mtu ale vizuri siku zote saba, na chipsi zikija zimkute akiwa ametulia.

Sisi wengine pia tuna wajibu. Mwenzetu anayejitahidi akionekana na sahani ya chipsi, mzaha wa "Leo vipi, si ulisema unapunguza?" haumsaidii. Unamfundisha kula kwa siri tu. Vilevile tuache kumlazimisha anayesema ameshiba, na kumwambia aliyepungua kwamba anaonekana mgonjwa. Nao wahudumu wa afya, badala ya kumwuliza mgonjwa ni kwa nini amekula alichokatazwa, wangemwuliza alifanya nini baada ya hapo. Jibu la swali hilo litawaeleza mengi zaidi kuhusu kama atafika au hatafika.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndugu msomaji, ikiwa jana ulipitia kwenye kibanda, leo kunywa chai yako, nenda kazini, na saa ya chakula cha mchana ikifika, kula kama kawaida.